Matawi ya kupandia katika sanduku la nyoka: kuchagua, kufunga, kutunza

Nyoka anayefugwa, awe nyoka wa nyumba wa kahawia au chatu mchanga, hupanda akipata pa kupanda. Lakini tawi linalocheza ni heri lisiwepo. Likidondoka humwangukia nyoka mwenyewe, na jeraha la uti wa mgongo kwa nyoka ni gumu mno kupona.

Hapa Lubumbashi, mti wa kutafuta ni mpera: ni mgumu na una panda nyingi. Chagua tawi lenye unene wa nyoka pale alipo mnene zaidi, au lizidi kidogo. Acha mikaratusi na misonobari kwa mafuta yake makali, mwembe kwa utomvu unaowasha, na mnyaa wa ua kwa maziwa yake yanayochoma macho. Usikate karibu na viwanda vya kuyeyusha shaba wala kando ya barabara za malori ya madini, maana vumbi la metali hukaa kwenye gome na nyoka hugusa kila kitu kwa ulimi.

Likaushe wiki 3 au 4 mahali penye upepo. Tawi bichi huota ukungu, tena husinyaa likiwa limeshafungwa na visi (skrubu) zinalegea. Kisha limwagie maji yanayochemka pande zote, lisugue kwa brashi, lianike juani siku 2. Vifundo vyenye ncha vipige msasa, gome libaki ili nyoka apate pa kushika. Vanishi usipake kabisa: inateleza, na ikipata joto mvuke wake huumiza mapafu.

Kufunga ndiko kwenye kazi. Kila tawi lishikwe sehemu 2 au zaidi. Kwenye sanduku la mbao, toboa ukuta, pitisha visi ya sentimita 5 kutoka nje, weka rondela (kipande bapa cha chuma chenye tundu) chini ya kichwa chake, iingie katikati ya ncha ya tawi. Ncha nayo itobolewe kwanza kwa tundu jembamba, la sivyo itapasuka. Kwenye kioo, funga tawi kwa visi juu ya ubao mpana unaolala sakafuni chini ya matandiko. Utepe wa kunata, wa karatasi au wa plastiki, haufai hata kidogo. Nyoka akinasa, humng'oa magamba. Mwishowe kandamiza kwa mkono kwa nguvu inayozidi uzito wa nyoka mara 3. Likitikisika, fungua uanze tena.

Tawi la juu liwe sentimita 25 hadi 30 chini ya taa ya joto, na taa iwe ndani ya kizimba cha waya. Wengi hupima joto sakafuni tu, kumbe nyoka anaungulia juu. Weka kipimajoto juu ya tawi lenyewe: nyuzi 30 hadi 32 zinatosha. Nyoka asiyeshuka kamwe, angalia kama chini kuna baridi, hasa Juni na Julai au umeme unapokatika usiku.

Tikisa kila tawi mara moja kwa wiki. Kiangazi, mbao hukauka na visi huhitaji kukazwa. Kinyesi kiondoe siku hiyohiyo kwa maji moto na sabuni. Kila mwezi toa tawi, lipake javeli (dawa ya klorini ya kung'arishia nguo) iliyochanganywa kipimo 1 kwa maji vipimo 10, subiri dakika 10, suuza sana, anika mpaka harufu iishe. Ukiona vidudu vyeusi vidogo kama punje za mchanga chini ya gome, huo ni utitiri: choma tawi hilo, kata jingine, na mtibu nyoka kabla ya kumrudisha.