Uzio hai, mbuzi wa jirani na shamba la Wete

Waalaikumu ssalamu, ndugu zangu. Mmeeleza kuwa mnalima mboga na viungo bila ya dawa za viwandani katika eka moja nje ya mji wa Wete, Pemba, kwamba mbuzi wa majirani wanaumaliza mchicha, na kwamba mume anataka seng'enge ilhali mke anachelea kuonekana mmewafungia watu njia.

Mimi namuunga mkono Bibi, ingawa shamba lisilo na mpaka halitawafikisha mbali. Pandeni uzio hai, yaani ua wa miti inayoota, wa gilirisidia, mti ambao kigingi chake kikichimbiwa huchipua: kateni vigingi vya mita 1.5 hadi 2, mvichimbie masika yanapoanza mwezi wa Machi, mvishikize kwa fito ili kichwa cha mbuzi kisipenye, na muache njia pale watu walipozoea kupita. Majani yake yana naitrojeni nyingi, nayo ni chakula cha mimea. Yakitandazwa kwenye matuta hulisha udongo, na mbuzi nao huyala, hasa yakinyauka kwanza. Hapo ndipo penye mapatano: jirani afunge mbuzi wake na achukue mzigo wa majani, nanyi mpate samadi, ambayo msiitie mbichi kwenye mchicha bali muichanganye na majani makavu na kuigeuza mpaka isitoe tena joto wala harufu.

Sheha, kiongozi wa serikali wa mtaa wenu, aarifiwe mapema. Ama vanila mnayoifikiria, isubiri vigingi vishike, vitoe kivuli na kuzuia mbuzi, kwani ua lake hufunguka asubuhi na kunyauka siku hiyo hiyo, na huchavushwa kwa mkono, kazi isiyomngoja mtu aliyekwenda kufukuza mbuzi.