Nina miaka 16 na elfu sitini: ninunue hisa?

SWALI: Shikamoo. Niko kidato cha tatu, Morogoro. Nimefuga kuku likizo mbili na nimebaki na shilingi 60,000. Nataka kujifunza uwekezaji, hasa hisa za DSE, yaani Soko la Hisa la Dar es Salaam. Rafiki yangu ananishawishi tuingie kwenye kundi la Telegramu la foreksi (biashara ya kununua na kuuza fedha za kigeni), anasema pesa inajizidisha mara mbili kwa mwezi. Nianzie wapi?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nianze na hilo la Telegramu, maana ndilo linaloweza kukumalizia mtaji wiki hii hii. Waulize swali moja tu: faida inatoka wapi? Wakikosa jibu unaloweza kumweleza mama yako akakuelewa, toka. Mwaka 2009 Serikali iliifunga DECI, mpango wa upatu ambako watu "walipanda" fedha wakiahidiwa kuvuna zaidi. Hakukuwa na shamba wala kiwanda. Wa mwanzo walilipwa kwa fedha za waliofuata.

Tuje kwenye hisa. Kwa umri wako huwezi kufungua akaunti ya CDS, ile inayotunza kumbukumbu za hisa zako, na kuisimamia peke yako. Lazima mzazi au mlezi aingie, kupitia dalali mwenye leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana. Wengi wenu hamlipendi sharti hili. Mimi nalipenda, kwa sababu linakulazimisha umshawishi mtu mzima kwa hoja kabla ya kutoa hata senti.

Hoja unaipata kwenye ripoti ya mwaka ya kampuni. Zipo bure mtandaoni. Chukua ya CRDB, benki unayoiona mjini kila siku, na usihangaike na kurasa zote. Tafuta faida baada ya kodi kwa miaka mitatu mfululizo, kisha gawio kwa kila hisa, yaani sehemu ya faida ambayo kampuni inawagawia wenye hisa. Kwa mwaka 2023 CRDB ilitoa gawio la shilingi 50 kwa hisa. Mwenye hisa 100 alistahili 5,000. Ukiondoa kodi ya zuio ya asilimia 5 inayokatwa kwa kampuni zilizoorodheshwa, anabaki na 4,750. Sasa gawanya gawio la hisa moja kwa bei ya hisa utakayoikuta sokoni, upate asilimia, halafu linganisha na mfumuko wa bei. Ukiweza hesabu hiyo bila kusaidiwa, umewapita watu wazima wengi wanaokuja ofisini kwangu.

Jihadhari pia na kununua jina. Vodacom Tanzania iliuza hisa zake kwa umma mwaka 2017 kwa shilingi 850, na kila mtu aliijua kampuni. Bei ilishuka chini ya hapo na kukaa huko kwa miaka. Aliyenunua kwa mkopo au kwa ada ya shule alikuwa na kilio. Aliyenunua kwa fedha asizozihitaji karibuni aliweza kusubiri. Kwa hiyo, kabla ya lolote, jiulize kama hizo 60,000 ni za daftari za muhula ujao.

Ukitaka ushauri wangu wa wazi: usinunue hisa sasa. Chagua kampuni tatu, andika bei zake kila Ijumaa kwenye daftari, na kando yake sababu ya kununua au kuuza, kana kwamba fedha zipo. DSE yenyewe imekuwa ikiendesha shindano la wanafunzi la namna hiyo, kwa mtaji wa kubuni na bei halisi. Ulizia kama lipo mwaka huu.

Fedha zenyewe mwombe mzazi aziweke kwenye mfuko wa pamoja, ambamo fedha za watu wengi huwekezwa kwa pamoja na wataalamu. UTT AMIS, kampuni inayosimamia mifuko ya namna hiyo, wana Mfuko wa Watoto tangu 2008, na kiasi chako kinatosha kuanzia. Utanunua vipande, yaani sehemu ndogo za mfuko, na thamani ya kipande utaifuatilia kwenye tovuti yao. Inaweza kushuka pia, hakuna dhamana. Ila ukiongeza 10,000 kila mwezi kutoka kwa kuku, na mfuko ukapata, tuseme, asilimia 10 kwa mwaka, miaka kumi ya nyongeza hizo peke yake ni kama 2,048,000, wakati ulichotoa mfukoni ni 1,200,000. Rudia hesabu kwa asilimia 5 uone inavyopungua.

Siku ya kwenda kujiandikisha mbebe cheti chako cha kuzaliwa na kitambulisho cha taifa cha mzazi.