Kuchoma Steki Iive Kiasi Unachotaka

Kuiva kwa steki hupimwa kwa joto lililofika katikati ya kipande, si kwa dakika kilizokaa motoni. Nimekuwa nikichoma nyama kwa miaka mingi, na kila ninapoombwa ushauri huanza na jambo hilo, kwa sababu agizo la kuchoma dakika nne kila upande halizingatii unene wa kipande, ukali wa moto, wala kama nyama imetoka kwenye jokofu sasa hivi. Vipande viwili vilivyotofautiana unene kwa sentimita moja tu, vikichomwa kwa dakika zilezile, kimoja kitakuwa kibichi na kingine kitakuwa kimekauka.

Katikati ya nyama ikifika nyuzi joto 50 hivi za Selsiasi, bado ni nyekundu na laini sana. Kati ya 54 na 57, wekundu hugeuka kuwa waridi, mafuta yaliyo ndani ya nyama huanza kulainika, na majimaji bado ni mengi. Mimi hupenda hapo, hasa kwa kipande chenye mafuta ya kutosha. Kwenye 60 hadi 63 waridi hufifia na nyama huwa imara zaidi mdomoni, na kuanzia 71 hivi hubaki rangi ya kijivu na kahawia. Mabadiliko haya yana sababu. Protini iitwayo mayosini huanza kuganda karibu na nyuzi 50, jambo linaloifanya nyama ipoteze ulaini wa ubichi. Kisha, joto likipita 60, tishu zinazoshikanisha misuli hujikunja na kuyakamua maji yaliyomo. Ndiyo maana tofauti ya nyuzi tano tu huonekana wazi ukiikata. Yale majimaji mekundu yanayotiririka si damu, bali ni maji yenye mayoglobini, protini inayoupa msuli rangi yake, kwa hiyo mtu asiikatae nyama ya waridi kwa kudhani kwamba anakula damu.

Kuhusu usalama, Idara ya Kilimo ya Marekani hupendekeza nyuzi 63 kwa kipande kizima cha ng'ombe, kisha kipumzike kwa dakika tatu, na nyuzi 71 kwa nyama ya kusaga. Tofauti hiyo hutokana na kwamba katika kipande kizima bakteria huwa hasa juu ya uso, ambako moto huwaua mapema, ilhali kusaga huwachanganya mpaka ndani. Anayechagua chini ya 63 ajue kwamba amekwenda kinyume na pendekezo hilo. Wajawazito, wazee, watoto wadogo na wenye kinga dhaifu ya mwili ninawachomea nyama iliyoiva vizuri bila mjadala.

Kwa hiyo nunua kipimajoto chembamba kinachosoma haraka. Kiingize kwa ubavuni, si kutoka juu, kielekee katikati na kiepuke mfupa, kisha kivute nje polepole huku ukitazama namba: joto la chini kabisa utakalolisoma ndilo la katikati. Kihakikishe mara kwa mara kwa kukitumbukiza katika barafu iliyochanganywa na maji kidogo, ambamo kinapaswa kusoma sifuri. Wapo wanaobonyeza nyama kwa kidole na kuilinganisha na ulaini wa kiganja, lakini siwezi kupendekeza njia hiyo kwa anayeanza, kwa kuwa viganja havifanani na misuli ya ng'ombe pia haifanani.

Moto uwe na pande mbili. Subiri mkaa ufunikwe na majivu, kisha usogeze mwingi upande mmoja ili upande wa pili ubaki na joto la wastani. Kipande chenye unene wa sentimita nne hivi, ambao ndio unene ninaoupenda kwa sababu unanipa nafasi ya kufikiri, hukianzisha upande wa moto mdogo, jiko likiwa limefunikwa, hadi katikati ifike nyuzi 45 au zaidi kidogo. Kisha hukihamishia juu ya mkaa mkali na kukigeuzageuza mpaka uso uwe na rangi ya kahawia iliyokolea. Kwa njia hiyo nyama huiva karibu sawasawa kutoka ukingoni hadi katikati, badala ya kuwa na mkanda mpana wa kijivu unaozunguka kiini kibichi. Kipande chembamba hakihitaji hatua hizo mbili: kiweke moja kwa moja kwenye moto mkali na ukigeuze mara kwa mara, kwani kugeuza hakuharibu chochote. Mafuta yakidondoka na moto ukalipuka, hamishia nyama upande wa pili. Usimwage maji, kwa kuwa yatairushia majivu.

Uso wa nyama lazima uwe mkavu kabla ya kugusa wavu, kwa maana rangi na harufu nzuri ya kuchomwa hutokea haraka joto la uso likipita nyuzi 140 hivi, na maji yaliyopo juu huuzuia uso usipite 100 mpaka yageuke mvuke. Tia chumvi dakika 40 au zaidi kabla ya kuchoma, ili maji yaliyovutwa nje yapate muda wa kurudi ndani, au uitie wakati uleule unapoiweka motoni. Ile dhana ya kwamba moto mkali huziba uso na kuyafungia majimaji ndani, iliyoenezwa na mwanakemia Justus von Liebig katika karne ya 19, si kweli. Tunaunguza uso kwa ajili ya ladha.

Ondoa nyama ikiwa imebakiza nyuzi tatu hadi tano kufikia lengo lako, kwa sababu joto la nje huendelea kupenya ndani hata baada ya kuipua, hasa kama moto wa mwisho ulikuwa mkali. Ipumzishe kwa dakika chache juu ya wavu mtupu usio motoni, bila kuifunika kabisa, ili uso usilainishwe na mvuke. Ikiwa walaji wana matakwa tofauti, chagua vipande vya unene mmoja na utangulize cha yule anayetaka kilichoiva kabisa, kiwe chenye mafuta zaidi kuliko vyote, kisha vingine vifuate kwa zamu ili vyote vipakuliwe pamoja. Ukikata na kukuta kimepungukiwa, kirudishe upande wa moto mdogo kwa dakika moja au mbili, upime tena.