Mmenitumia tena picha za kamba

Barua za safari hii karibu zote zinahusu kamba wa bahari ya kina. Zinazofanana nimeziunganisha, na zile zilizokuja na picha tupu bila neno hata moja nimeziacha.

Nakutumia picha ya kamba mwekundu aliyetolewa kwenye kina kirefu. Ni spishi gani? (Msomaji, Tanga)

Sijui, na kwa picha hiyo hakuna atakayejua. Wekundu wake haunisaidii. Mwanga mwekundu humezwa na maji katika mita za mwanzo tu, kwa hiyo huko chini mnyama mwekundu haonekani kabisa. Ndiyo maana familia nyingi zisizo na udugu wa karibu zina rangi hiyohiyo. Kidole gumba chako kimeziba rostrumu, yaani ule mwiba mrefu wa mbele ya kichwa, na meno ya rostrumu, juu na chini, ni kitu cha mwanzo ninachohesabu. Miguu imekunjwa. Rula hamna. Halafu “kina kirefu” ni mita ngapi? Umeandika jina la aliyekupa lakini hukuandika wala mahali alipovuliwa wala tarehe. Kamba asiye na lebo ni kitoweo.

Mimi ni mwanafunzi, nina ndoo nzima ya kamba wa kutoka mita 400. Nianzie wapi? (Dar es Salaam)

Anzia tumboni, usianzie kichwani kama wafanyavyo wengi. Tazama pingili ya pili ya tumbo, kwenye bamba lake la ubavuni. Likiwa limefunika bamba la mbele yake na la nyuma yake pia, mnyama wako ni wa kundi la Caridea. Yakipandana kama vigae vya paa, la kwanza juu ya la pili, la pili juu ya la tatu, ni wa Dendrobranchiata, kundi la kamba tunaowajua sokoni. Kisha hesabu magando. Hawa wa sokoni wanayo kwenye jozi tatu za mwanzo za miguu. Caridea jozi yao ya tatu haina gando kamwe. Jike wa Caridea hubeba mayai chini ya tumbo, wa Dendrobranchiata huyaachia majini. Kamba wa Rufiji au wa Ghuba ya Ungwana hutamkuta na mayai tumboni hata ununue tenga zima.

Ukishawagawa hivyo, nusu ya mkanganyiko imekwisha. Katika Caridea wa kina cha mita 400, tafuta kwanza wenye gamba gumu lenye matuta marefu yanayokwenda kutoka mbele hadi nyuma. Hao ni wa jenasi ya Heterocarpus, na wapo kwetu. Katika Dendrobranchiata usiangalie tu miiba ya gamba, angalia viungo vya uzazi: petasma kwa dume, thelikamu kwa jike. Pima urefu wa gamba kuanzia nyuma ya tundu la jicho hadi ukingo wa nyuma, katikati ya mgongo. Rostrumu usiiingize kwenye kipimo, maana huvunjika nyavuni.

Na hiyo ndoo uitoe juani.

Nimepata kamba wa bahari ya kina katika mkondo wa kati ya Unguja na Bagamoyo. (Msomaji, Unguja)

Hukupata. Mkondo huo hata mita 100 haufiki. Labda ulikuwa Mkondo wa Pemba, ambako kina kinashuka hadi karibu mita 800.

Nina kamba wa aina mbili kutoka wavu mmoja. Wanafanana kila kitu, ila wengine wana rostrumu ndefu na wengine fupi. Nimeanza kuandika spishi mbili mpya. (Mwanafunzi, Mombasa)

Weka kalamu chini. Umewatenganisha madume na majike? Katika familia ya Aristeidae, kwa mfano jenasi ya Aristeus na ile ya Aristaeomorpha, jike mzima ana rostrumu ndefu na dume mzima ana fupi. Dume huyohuyo akiwa mdogo huwa nayo ndefu, kisha hufupika kadiri anavyokomaa. Unachokiita spishi mbili huenda ni mke na mume.

Najua unasema wakubwa hawakosei hivyo. Basi sikiliza. Mwaka 1986 Williams na Rona walieleza Rimicaris exoculata, kamba anayejaa kwa maelfu kwenye chemchemi za maji moto za Tuta la Kati la Atlantiki. Macho ya kawaida hana. Mahali pake ana kiungo kipana mgongoni kinachohisi mwanga hafifu. Kwenye chemchemi hizohizo wakaonekana kamba wadogo wa rangi ya machungwa, wenye umbo tofauti. Mwaka 1996 baadhi yao wakapewa jenasi mpya na spishi mpya, Iorania concordia. Mwaka 1997 wengine, wa chemchemi iitwayo Snake Pit, wakaitwa Rimicaris aurantiaca. Mwaka uliofuata DNA ikapimwa, na wote wakaonekana ni watoto wa Rimicaris exoculata. Watoto! Waliowapa majina hayo hawakuwa wanafunzi wenye haraka ya kuhitimu, walikuwa mabingwa wenye hadubini nzuri.

Kisa kikubwa zaidi ni cha Cerataspis monstrosa. Mwaka 1828 John Edward Gray alimpa jina hilo kiumbe kidogo chenye pembe na silaha mwilini, kilichopatikana tumboni mwa mnyama mwingine wa baharini. Watu walihisi ni lava, yaani mtoto, wa kamba fulani wa kina, ila kamba gani? Jibu lilikuja mwaka 2012 pale Heather Bracken-Grissom na wenzake walipolinganisha DNA: mzazi wake ni kamba mkubwa wa kina aliyekuwa akiitwa Plesiopenaeus armatus, jina armatus alilopewa mwaka 1881. Mtoto alikuwa na jina lake, mzazi na lake, miaka na miaka, na kwa kuwa jina la zamani ndilo linaloshinda, mzazi sasa anaitwa kwa jina la mtoto.

Kwa hiyo kabla ya neno “mpya” nataka kuona madume, majike na wadogo, tena kutoka vituo zaidi ya kimoja. Ukiwa na mnyama mmoja tu aliyekatika rostrumu, mhifadhi vizuri usubiri wenzake. Hatakimbia.

Siku hizi si unapima DNA tu na kompyuta inakupa jina? (Nairobi)

Kompyuta inakupa jina ambalo mtu fulani aliliandika. Kama aliyetuma mfuatano wa COI, jeni inayotumika kutambua wanyama, kwenye hifadhidata alikosea kumtambua kamba wake, kosa lake sasa ni lako. Kwa kamba wa kina wa pwani yetu mara nyingi hutapata cha kulinganisha naye, na “hakuna kinachofanana” haina maana kwamba spishi ni mpya. Huenda hakuna aliyewahi kuipima. Tena kwa gegereka, kundi la kamba na kaa, kuna nakala za jeni hiyo zilizohamia kwenye kiini cha seli zikapotoka, na ukisoma nakala hizo kwa bahati mbaya utazua spishi hewa. Pima DNA, ndiyo, ila mwili uwe pale wa kuangaliwa.

Formalini au ethanoli? Na pombe ya dukani inafaa?

Kata kipande cha msuli au mguu wa kuogelea, kitie ethanoli ya asilimia 95 kwa ajili ya DNA, kisha ndipo mwili ugusane na formalini, maana formalini huharibu DNA. Baadaye mwili uuhamishie ethanoli ya asilimia 70 hivi. Piga picha kabla ya yote, rangi haitabaki. Pombe ya dukani ni maji matupu, mpe nahodha.

Nitajuaje kama kamba wangu hajaelezwa tayari? (Mtafiti, Zanzibar)

Hatimaye swali. Kila mtu anaruka hatua hii kwa kuwa ni ya kuchosha na haipigiwi makofi.

Kuanzia meli ya utafiti ya Waingereza, Challenger, 1872 hadi 1876, kamba wa kina walikusanywa kwa mapipa, na ripoti ya Spence Bate ya 1888 bado inasomwa. Wajerumani wa meli ya Valdivia walipita pwani yetu mwaka 1899. Heinrich Balss akachapisha juu ya kamba wao mwaka 1925, kwa Kijerumani, nawe utakisoma. Kisha kuna Mabahiss, meli ya Misri iliyofanya kazi Bahari ya Hindi mwaka 1933 na 1934 na kufika hadi Mombasa na Zanzibar. Ramadan aliandika juu ya Penaeidae wake, familia ya kamba wa sokoni, mwaka 1938, Calman juu ya Caridea mwaka 1939, na wanyama wenyewe wako London. Sijui kwa nini tunamsifu mtu kwa “kugundua” kitu ambacho kimekaa kwenye chupa na lebo ya pwani yake miaka 90. Andika kwa makumbusho, omba picha za holotipu, yaani yule mnyama mmoja anayebeba jina. Michoro ya zamani isikudanganye. Wachoraji walikuwa wakinyoosha kilichopinda.

Naweza kumpa kamba jina la Kiswahili, au la bibi yangu?

Yote mawili. Neno la lugha yoyote linakubalika likiandikwa kwa herufi za Kilatini. Jina la mwanamke huishia -ae, la mwanamume -i. Jina lako mwenyewe usijaribu.

Nimeshatangaza spishi yangu kwenye bango la mkutano. Jina ni halali?

Si halali. Muhtasari wa mkutano si uchapishaji, wala mtandao wa kijamii. Spishi yoyote mpya baada ya 1999 lazima iwe na holotipu, au kundi la wanyama wanaobeba jina kwa pamoja, iliyotajwa wazi na mahali itakapohifadhiwa, na makala ya kielektroniki, yanayoruhusiwa tangu 2012, lazima yasajiliwe kabla kwenye ZooBank, daftari rasmi la mtandaoni la majina ya wanyama. Ulichofanya ni kumwonyesha kila mtu jina ambalo anaweza kukuwahi kulichapisha.

Profesa wa nje ameomba nimtumie kamba wote, anasema ataniweka kwenye shukrani. (Mtafiti, Kilifi)

Shukrani! Bila kibali cha utafiti kutoka tume ya sayansi, NACOSTI kwenu Kenya au COSTECH kwa walio Tanzania, hakuna kitu cha kutoka. Kibali kikiwepo, andikianeni: nani mwandishi, holotipu inakaa wapi, paratipu, yaani wenzake holotipu waliotajwa naye, ngapi zinarudi Kenya. Akikasirika kwa kuulizwa hivyo, umeshapata jibu. Na kabla ya kufunga boksi, kata msuli wa kila mnyama, utie kwenye vichupa vyako, namba zilezile, kwa penseli. Wino huyeyuka kwenye ethanoli.