Seneta wa upinzani Ireland anaongea na nani?

SWALI: Mama, shikamoo. Mimi ni msomaji wako wa Goma. Mwaka 2013 Umoja wa Mataifa ulituletea mjumbe wa Maziwa Makuu, Mary Robinson, rais wa zamani wa Ireland. Juzi mwalimu wetu wa sheria alituambia kwamba kabla ya urais bibi huyo alikaa miaka 20 katika Seneti ya kwao, mingi ikiwa nje ya upande wa serikali, na miswada yake iliangushwa. Darasa likacheka. Nauliza: seneta wa upinzani ambaye anajua kabisa atashindwa kura, anasimama kuchangia ya nini? Anaongea na nani?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Darasa lenu limefanya haraka kucheka. Mimi nimezeekea kwenye chumba cha hansadi, masikio yamezibwa na vipaza sauti, vidole vikiandika kila neno la waheshimiwa pamoja na "(Makofi)" na "(Kicheko)". Nilipostaafu nikahamia kwenye hansadi za watu wengine, na za Ireland ndizo nilizozisoma zaidi, kwa sababu wameziweka zote mtandaoni bure tangu Seneti yao ianze mwaka 1922. Kwa hiyo nakujibu kama karani, sikujibu kama mwanasiasa.

Kwanza uione nyumba yenyewe. Seneti ya Ireland, wao huiita Seanad, ina viti 60. Viti 43 hupigiwa kura na wabunge, maseneta wanaomaliza muda na madiwani. Wewe wa Kongo hilo halikushangazi, maana hata kwenu maseneta huchaguliwa na mabunge ya mikoa. Viti 11 hujazwa na waziri mkuu kwa uteuzi wake mwenyewe. Hapo ndipo penye siri: hao 11 wamewekwa ili serikali isilale njaa ya kura. Vilivyobaki ni 6, na hivyo huchaguliwa kwa posta na wahitimu wa vyuo vikuu. Huko ndiko hutokea watu wasio na chama, na huko ndiko alikotokea Robinson mwaka 1969, mwanasheria wa miaka 25, kwa kura za wahitimu wa Trinity College, Dublin.

Tena Seneti hiyo haiwezi kuua muswada wa kawaida uliopita bunge la chini. Inaweza kuuchelewesha siku 90, basi. Muswada wa fedha hupewa siku 21 kutoa ushauri, na ushauri wenyewe si lazima uchukuliwe. Ukijumlisha hayo utaona kwamba kwa seneta wa upinzani kura si silaha. Silaha yake ni kumlazimisha waziri ajibu, na jibu liandikwe.

Sasa chukua mwaka 1971. Ireland ilikuwa na sheria ya mwaka 1935 iliyokataza kuuza au kuingiza nchini vifaa vya kuzuia mimba. Kuvitumia halikuwa kosa! Kosa lilikuwa kuviuza au kuviingiza, kana kwamba vinaota shambani. Vidonge vilikuwapo, lakini daktari aliviandika kama dawa ya kurekebisha siku za mwanamke, na kila mtu, padri hadi mfamasia, alijua kinachoendelea. Robinson akawapata maseneta wenzake wawili, John Horgan na Trevor West, wakaandika muswada wa kurekebisha sheria hiyo.

Wewe unajua kusomwa mara ya kwanza. Kwa kawaida ni adabu tu: jina la muswada linasomwa, muswada unachapwa, watu wanapewa nakala, mabishano yanasubiri hatua ya pili. Huu wa Robinson ulikaa kwenye orodha ya shughuli bila kuitwa, na yeye akawa anasimama kuuliza: utaletwa lini? Nje ya ukumbi Askofu Mkuu wa Dublin, John Charles McQuaid, alitoa barua iliyosomwa makanisani, akisema sheria ya namna hiyo ingekuwa laana juu ya nchi. Nyumbani kwa seneta zikamiminika barua za matusi. Hatimaye ulipoitwa, ukanyimwa hata huko kusomwa mara ya kwanza. Maana yake haukuchapwa. Wakubwa wale hawakutaka wananchi waone karatasi yenyewe imesema nini.

Nimeandika hansadi nyingi, na nimeona miswada ikiuawa kwa kila namna, lakini kuogopa kuchapa karatasi ni jambo la pekee. Mtu haogopi hivyo kitu kisicho na nguvu. Hilo ndilo ningemwambia mwalimu wenu.

Desemba 1973 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ikaamua kesi ya Bi McGee, mama wa watoto wanne wa Skerries, kaskazini ya Dublin, mke wa mvuvi, ambaye daktari alimwonya kuwa mimba nyingine ingeweza kumuua. Aliagiza dawa ya kuzuia mimba kutoka nje, watu wa forodha wakaikamata. Mahakama ikasema sheria ile inaingilia faragha ya wanandoa. Robinson alikwisha rudi na muswada mwingine. Safari hii ulichapwa, ukajadiliwa, ukaangushwa mwaka 1974. Mwaka huohuo serikali ikaleta wake, na hapo kikatokea kichekesho ambacho karani yeyote angetamani kukiandika: waziri mkuu Liam Cosgrave alipiga kura kuupinga muswada wa serikali yake mwenyewe, ukaanguka.

Mwaka 1979 waziri wa afya Charles Haughey akapitisha sheria iliyoruhusu vifaa hivyo, lakini kwa cheti cha daktari na kwa ajili ya uzazi wa mpango halisi, yaani wanandoa. Yeye mwenyewe aliiita suluhisho la Kiireland kwa tatizo la Kiireland. Mwaka 1985 aliyefika miaka 18 akaruhusiwa kununua kondomu bila cheti. Hesabu mwenyewe tangu 1971.

Umeona mwendo wake? Muswada wa upinzani ni kama mtoto: anakataliwa mlangoni, halafu serikali inamleta tena baada ya miaka kwa jina la serikali na nguo fupi. Na si hadithi ya zamani tu. Januari 2018 seneta asiye na chama, Frances Black, ambaye wengi walimjua kama mwimbaji, alileta muswada wa kupiga marufuku bidhaa na huduma kutoka makazi ya walowezi katika maeneo yanayokaliwa kwa mabavu, na Palestina ndiyo iliyokuwa kiini cha mjadala. Serikali ilipinga. Lakini serikali ile ilikuwa ya wachache, na chama kikubwa cha upinzani, Fianna Fáil, kikamuunga mkono, hivyo Julai mwaka huo Seneti ikaupitisha hatua ya pili kwa kura 25 dhidi ya 20. (Walikuwa wamehamishiwa jumba la makumbusho la jirani, kwenye ukumbi wa vyombo vya kauri, kwa sababu jengo lao la karne ya 18 lilikuwa likikarabatiwa. Nani angethubutu kupiga meza humo?) Bunge la chini nalo likaupitisha hatua ya pili mwaka 2019, kisha ukakwama, maana muswada unaogusa fedha za serikali unahitaji ridhaa ya serikali, na serikali haikutoa. Mwaka 2025 serikali yenyewe ikatoa rasimu yake, inayogusa bidhaa na kuacha huduma. Nguo fupi tena.

Kwa hiyo anaongea na nani? Anaongea na waziri aliyekaa mbele yake, ambaye atanukuliwa. Anaongea na wakili atakayesimama mahakamani. Robinson alijua hilo kuliko wengi, maana asubuhi nyingine yeye ndiye aliyekuwa wakili. Mwaka 1979 alishinda kesi ya Josie Airey mbele ya Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya, kuhusu mwanamke asiye na fedha za kumlipa wakili ili atengane na mumewe. Ukumbi mmoja ukimkatalia, alibisha hodi kwa mwingine. Sisi huku tulimwona mara ya kwanza Nairobi mwaka 1992, akiwa rais, ametoka Somalia, sauti ikimkatika mbele ya waandishi wa habari.

SWALI: Mama, kama Seneti ile haina meno, mbona hawakuifuta? Msomaji, Nairobi.

JIBU: Walijaribu, baba. Waziri mkuu Enda Kenny aliitisha kura ya maoni Oktoba 2013, na chama chake kikawaambia watu wataokoa euro milioni 20 kwa mwaka. Asilimia 51.7 wakasema ibaki. Wengi waliotetea walisema iondolewe kasoro, isiondolewe yenyewe. Kasoro hizo nyingi bado ziko palepale, na kwa Seneti yenu, ambayo maseneta wa kaunti 47 huchaguliwa moja kwa moja na mpiga kura, naona mna mahali pazuri zaidi pa kuanzia kuliko wao.

Na wewe wa Goma, mpelekee mwalimu tovuti ya bunge lao, oireachtas.ie. Aandike jina la seneta na mwaka 1971. Asome kwanza maneno ya waliokataa.