Seva yenye laini mbili: jibu litoke katika laini iliyoleta ombi

Hapa Goma, ofisi isiyotaka kazi zake zisimame hulazimika kulipia laini mbili za intaneti, na seva yake hufungwa kwenye zote mbili. Katika kuhudumia seva za namna hiyo, nimeona kwamba kinachowachosha mafundi zaidi ni hali ambayo laini zote ni nzima, lakini mtu anayeifikia seva kwa anwani ya laini ya pili hajibiwi.

Linux, mfumo endeshi wa seva hizi, ikiachwa na mipangilio yake ya kawaida, huchagua njia kwa kutazama pakiti (kipande cha data kinachosafiri mtandaoni) inakokwenda, bila kujali imebeba anwani ya laini gani. Ombi huingia kwa laini ya pili, jibu, likiwa na anwani ya laini ya pili, likatolewa kupitia lango (kifaa kinachopitisha pakiti kwenda nje) la laini ya kwanza. Na mtoa huduma anayechuja anwani zisizo zake, kama BCP 38, pendekezo la mwaka 2000 la kuzuia pakiti zenye anwani za kughushi, linavyotaka, huitupa pakiti hiyo.

Kabla ya kubadilisha chochote, endesha tcpdump, programu inayoonyesha pakiti zinazopita, kwenye kadi zote mbili za mtandao: eth0 ya laini ya kwanza na eth1 ya laini ya pili. Ukiona ombi linaingia eth1 na jibu linatoka eth0, tatizo ni hilo. Ukiona ombi linaingia na hakuna jibu popote, kagua kwanza rp_filter, kichujio cha Linux kinachokagua njia ya kurudi: ikiwa na thamani 1, kerneli (kiini cha Linux) hulikataa ombi kabla halijaifikia programu, kwa kuwa njia ya kurudi haipiti kadi lililoingilia.

Dawa ya hali zote mbili ni kuipa kila laini jedwali lake la njia (orodha ya njia za kupitishia pakiti), pamoja na kanuni inayoelekeza anwani ya laini hiyo kwenye jedwali hilo. Tuseme laini ya pili ina anwani 198.51.100.10 na lango 198.51.100.1:

ip route add default via 198.51.100.1 dev eth1 table 102
ip rule add from 198.51.100.10 table 102

Fanya vivyo hivyo kwa laini ya kwanza, na katika kila jedwali uongeze pia njia ya mtandao wa ndani. Kisha uliza kerneli yenyewe, ukitumia anwani yoyote ya mbali, hapa 203.0.113.5: ip route get 203.0.113.5 from 198.51.100.10. Jibu lazima litaje eth1.

Ninasisitiza jambo moja ambalo mafundi wengi hulipuuza. Kadi ikishushwa, njia zake hufutwa katika jedwali, lakini kanuni (ile ya ip rule) hubaki. Kadi ikirudi, kanuni huelekeza kwenye jedwali tupu, utafutaji unaendelea hadi jedwali kuu, na ugonjwa unarudi bila onyo lolote. Kwa hiyo ziandike njia na kanuni katika faili la mipangilio, kwa mfano la netplan (zana ya kupangia mtandao katika Ubuntu), badala ya kuzitegemea amri za mkono, ambazo hupotea pia seva inapowashwa upya.

Katika kufuatilia afya ya laini, usipime lango pekee, kwani lango linaweza kujibu huku fiba imekatika mbele yake. Pima anwani iliyo mbali, ukitumia amri ya kupima ping, yenye chaguo -I pamoja na anwani ya laini husika.