Maswali yenu kuhusu Lisbon

Tangu nirudi Mombasa kutoka Ureno, kila nikutanaye naye ana swali. Nilikaa siku 6 tu, kwa hiyo msinifanye mwenyeji. Niliyoyaona nitayasema.

Dada, ni kweli huko hata mkate wa mezani unalipiwa? (Msomaji, Tanga)

Kweli kabisa, na mimi ni shahidi. Usiku wa kwanza, kabla hatujaagiza chochote, mhudumu alituwekea mkate, zeituni na jibini. Kwetu mgeni akiletewa kitu bila kuomba, hiyo ni takrima, basi tukala mpaka makombo. Bili ilipokuja, takrima ikawa na bei yake. Wenyewe wanaiita couvert, nayo imeandikwa kwenye menyu kwa anayejua pa kutazama. Sheria yao lakini iko upande wako: ambacho hukukiomba wala kukigusa, hulipi. Sema “não, obrigada”, au “obrigado” ukiwa mwanamume, na sahani itaondolewa bila kinyongo. Mchana tafuta kibao cha “prato do dia”, chakula cha siku. Hicho ndicho wanachokula wafanyakazi wa mji, na bei yake haikuumizi.

Mimi nina magoti mabovu. Nitauweza mji huo? (Mama wa Kisauni)

Mama, sitakuficha. Wanasema Lisbon imekaa juu ya vilima 7, na mimi nahisi nilivipanda vyote kwa siku moja. Njia za miguu zimetandikwa vijiwe vyeupe vya chokaa ambavyo nyayo za watu zimevisugua mpaka vinang’aa. Mvua ikinyesha unatembea juu ya sabuni. Mwenzangu alikuja na viatu vya kisigino, na siku ya pili asubuhi tulikuwa dukani tukimtafutia raba. Kwenda upande wa ngome ya São Jorge, usipande kwa miguu kutoka mabondeni: kuna lifti ya umma, ya bure, ndani ya jengo moja la Rua dos Fanqueiros. Mimi niliijua siku ya 5.

Chakula cha halali je? (Msomaji, Zanzibar)

Nenda mtaa wa Mouraria. Jina lenyewe ni la Waislamu, maana ndiko walikoachwa wakae baada ya Wakristo kuuteka mji mwaka 1147. Leo, katika Rua do Benformoso, Wabangladeshi wanakupikia biriani, na kibao cha halali kiko mlangoni. Msikiti mkuu uko karibu na Praça de Espanha.

Na wezi? (Msomaji, Dar es Salaam)

Wako, na tramu namba 28 (gari la reli linalopita barabarani) ndiyo shamba lao. Mkoba uwe mbele, simu isikae mfuko wa nyuma. Ukishazoea Kariakoo hufunzwi hili.

Ulifika kwenye kaburi la Vasco da Gama? Ulijisikiaje? (Msomaji, Malindi)

Nilifika mara mbili. Mara ya kwanza ilikuwa Jumatatu na palikuwa pamefungwa. Hilo ni kosa langu, sikuuliza. Liko Belém, mtaa mmoja wa Lisbon, ndani ya kanisa la Jerónimos. Bwana yule alifia Cochin, India, mwaka 1524, na sasa sanamu yake ya mawe imelala juu ya kaburi, viganja vimekutana kama anayeomba. Watu wanajipiga picha naye. Mimi nilikuwa na mambo yangu kichwani. Mwaka 1498 sisi wa Mombasa hatukumpenda, ninyi wa Malindi mkampokea na kumpa rubani wa kumvusha mpaka India (bado tunawadai maelezo). Miaka 7 baadaye Wareno wengine wakaja na kuichoma Mombasa. Nikajaribu kukasirika, sikuweza. Siwezi kuikasirikia sanamu.

Kilichonishika hasa kilikuwa maneno. Hotelini naambiwa “mesa”, nageuka kuitazama meza. Bendera kwao ni “bandeira”. Mwanamke anauza “lenço” na mimi nimejifunga leso. Kwenye duka la vyuma nikaona kisanduku kimeandikwa “parafuso”, yaani parafujo zetu, nikacheka peke yangu. Na kanisa ni “igreja”, ambalo wajuzi wa lugha wanasema ndilo lililotuzalia gereza. Hebu fikiri, nyumba ya sala imegeuka jela! Ngome ya Yesu ilitoka mikononi mwao mwaka 1698, lakini maneno yao bado tunayalia chakula na kukazia milango.

Ukirudi, ungebadilisha nini? (Msomaji, Nairobi)

Safari ya Sintra, mji ulio karibu na Lisbon. Tulikwenda bila tiketi ya kasri la Pena, ambayo huuzwa kwa saa maalumu, tukakuta nafasi za asubuhi zimekwisha. Tulikaa zaidi kwenye foleni na kwenye basi kuliko tulivyokaa ndani. Kinyume chake, jioni tuliyoketi tu kando ya mto Tagus, bila mpango wowote, ndiyo ninayoikumbuka kila siku. Jambo lingine: mashine ya pesa ikikuuliza ikukate kwa shilingi au kwa yuro, chagua yuro. Mimi nilichagua shilingi kwa sababu niliielewa, na nililipia ule uelewa.

Ulileta zawadi gani? (Msomaji, Lamu)

Sardini za makopo, zenye karatasi za rangi nzuri ajabu. Mama mkwe alizigeuzageuza, akaniuliza: “Umepanda ndege mpaka Ulaya kutuletea samaki?”